Usimamizi wa ugavi na lojistiki ni kazi gani hasa?

Mnyororo wa ugavi ni njia nzima ya bidhaa, tangu mali ghafi inapotoka shambani au mgodini, ipite kiwandani na ghalani, hadi imfikie mtumiaji. Fedha hupita njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma, na taarifa hupita pande zote mbili. Lojistiki ni sehemu tu ya kazi hiyo: kusafirisha, kuhifadhi na kufikisha mzigo. Anayepanga malori yapakie saa ngapi yuko kwenye lojistiki. Anayeamua kama kiwanda kitegemee mzabuni mmoja au watatu anasimamia mnyororo wenyewe.

Mwaka 1982 Keith Oliver, mshauri wa kampuni ya Booz Allen Hamilton, aliuzungumzia usimamizi wa namna hii katika mahojiano na gazeti la Financial Times, na tangu hapo jina la “usimamizi wa mnyororo wa ugavi” likashika. Tatizo lililokuwapo bado lipo. Afisa ununuzi husifiwa akipata bei ya chini, basi hununua kwa wingi. Ghala hujaa, mhasibu huona fedha zimelala, na mzigo huanza kuharibika. Kila mmoja katimiza wajibu wake, na kampuni imepata hasara. Msimamizi wa ugavi huajiriwa kutazama hesabu ya wote kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo Jay Forrester, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, alilichambua mwaka 1961, nalo kwangu ndilo linaloonyesha uzito wa kazi hii. Tuseme duka limeuza katoni 10 zaidi ya kawaida. Kwa kuhofia kuishiwa, linaagiza 20 za nyongeza. Msambazaji naye anajihami, anaagiza 40. Kiwanda kinaona oda ya 80 na kuongeza zamu ya usiku. Wiki chache baadaye mauzo yanarudi palepale yalipokuwa, na maghala yote yamefurika. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja aliona oda ya jirani yake tu, hakuona mauzo halisi ya dukani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ni takwimu: kukadiria mahitaji, kupanga akiba ya tahadhari, na kuwashawishi watu wafungue vitabu vyao ili wengine waone mauzo halisi.

Halafu kuna yasiyokadirika. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez kwa siku sita, na mamia ya meli zikapanga foleni. Siku kama hizo msimamizi anaulizwa swali moja: njia ya pili iko wapi?

Wengi huingia kwa shahada ya ununuzi na ugavi, biashara au uhandisi. Wengine huanzia stoo, na mara nyingi hao huwa wazuri zaidi, maana wanajua karatasi inaposema 500 rafu inaweza kuwa na 460. Vyeti vya CIPS, taasisi ya Uingereza ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, au CSCP, cheti cha mnyororo wa ugavi kinachotolewa na ASCM, chama cha Marekani cha fani hii, vinatambulika nchi nyingi. Atakayeshughulika na mizigo ya nje azijue Incoterms, kanuni za biashara ya kimataifa, 11 katika toleo la 2020, zinazoamua nani analipia nini na hasara ya njiani ni ya nani. Kiingereza cha mikataba kitahitajika, na simu ya usiku wa manane kutoka bandarini nayo ni sehemu ya ajira.