Gia ya distributa iliyolika: tafuta kwanza kilichoila

Mwezi uliopita mzee mmoja wa upande wa Lamu aliniletea Land Rover yake hapa Malindi, ile ya petroli yenye injini ya cc 2,286. Gari hulala Mokowe, yeye huvuka kwa boti, na hulitoa kila baada ya wiki kadhaa. "Fundi," akaniambia, "asubuhi lashika vizuri, likikaribia Garsen laanza kukohoa. Kila nimpelekeaye aniwekea taimingi, na kila taimingi yahama."

Neno hilo la kuhama ndilo lililonizuia kugusa distributa, kile kigawa-moto cha plagi. Kama bolti ya kuibana imekaza, taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, haihami. Kinachohama ni kitu kilicho katikati ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa).

Katika injini hii krankshafti huvuta kamshafti, shafti inayofungua valvu, kwa cheni. Kamshafti ina meno ya mshazari yanayozungusha gia iliyosimama wima, na gia hiyo ina kazi mbili: juu huendesha distributa, chini huendesha pampu ya oili. Mafundi wengi huikumbuka kazi ya juu tu. Lakini distributa ni nyepesi, waizungusha kwa vidole viwili. Mzigo wote wa gia hii uko chini, kwenye pampu. Tena shafti zenyewe zimepishana, kwa hiyo meno hugusana mahali padogo sana na husuguana kwa kuteleza. Yanaishi kwa utando wa oili peke yake.

Kuhusu kupima, kuna kosa ninaloliona kila mara. Mtu hufungua kifuniko cha distributa, hushika rota, huizungusha kidogo, na ikicheza husema gia imekwisha. Rota lazima icheze! Chini yake kuna vyuma vya kuwahisha moto na springi zake. Ukiiachia na ikarudi yenyewe, ni nzima. Kipimo cha kweli huanzia kwenye puli iliyo mbele ya krankshafti. Toa plagi zote ili injini izunguke laini, fungua kifuniko cha tapeti, tia spana kwenye nati ya puli. Zungusha mbele mpaka valvu moja iwe katikati ya kufunguka, piga alama ya chaki, kisha rudisha nyuma polepole huku ukitazama roka (mikono inayosukuma valvu) na rota kwa pamoja. Puli ikienda na roka zimetulia, cheni imelegea. Roka zikianza kusogea na rota bado inangoja, hapo gia ndiyo iliyolika. Na usidharau uchezaji mdogo: distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kwa hiyo digrii 2 kwenye rota ni digrii 4 kwenye moto wa injini.

Kwa gari la mzee, roka zilitangulia na rota ikabaki nyuma. Nilitia alama mahali shafti ilipoelekea, nikatoa distributa, kisha nyumba ya filta ya oili, maana skrubu inayozuia bushi (ganda linaloishika gia) imejificha kwenye uso wa filta hiyo. Gia ikatoka kwa koleo ndefu. Upande mmoja wa meno ulikuwa umechongoka kama meno ya papa, na meno mawili yalikuwa yamejazwa shaba na kupigwa tupa.

Sikubaliani na ujazaji huo hata kidogo. Moto wa kuchomelea huua ugumu wa chuma kilicho jirani, na tupa ya mkono haiwezi kurudisha mshazari wa jino. Kinundu kinachobaki hupita kikikwangua meno ya kamshafti, na kamshafti ni ghali kuliko gia mara nyingi. Hata kumpelekea mkerezaji sampuli iliyolika akuchongee nyingine ni hatari, kwa kuwa atanakili na ulikaji wake. Tafuta gia ya injini hiyohiyo, mpya au nzima iliyotumika.

Lakini sikutia gia nyingine papo hapo. Gia haijili yenyewe, nami nilitaka kujua pampu inafanya nini. Nilishusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, nikafungua pampu, nikakuta nyuma ya springi ya valvu ya kupunguza presha washa (vipete vya chuma) tatu zimepangwa. Bila shaka taa ya oili iliwahi kuwaka na mtu akataka izime. Injini ikiwa baridi, presha haikuwa na pa kutokea, na gia ikawa inasukuma pampu inayogoma. Ongeza gari kusimama wiki nyingi kwenye hewa ya chumvi: gia inaamka kavu, na yenyewe ndiyo inayotakiwa kuleta oili. Kwa mzee huyu, gia mpya juu ya washa zile ingelika vilevile.

Baada ya kutoa washa nilimulika tundu kwa tochi na kuzungusha injini taratibu, nikatazama kila jino la kamshafti. Yalikuwa yamepata mng'aro tu, bila ukingo wa kushika ukucha. Kuona meno yanavyogusana mimi hutumia wanja uliochanganywa na oili kidogo: paka gia, iteremshe, zungusha, itoe tena. Alama ikikaa katikati ya jino, nashukuru. Ikikaa pembeni, bushi imekwisha na lazima ibadilishwe pia.

Wakati wa kurudisha, kumbuka mshazari huizungusha gia inapoteremka. Ianze kabla kidogo ya alama yako ili imalizie kwenye alama. Nafasi ya pointi (viguso vya kukata umeme ndani ya distributa) niliweka milimita 0.38, waya za plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Kabla ya kuwasha nilipaka gia oili, nikajaza filta, nikapiga stata bila plagi mpaka taa ya oili ikazima. Nimemwomba mzee afanye hivyo hivyo kila gari likisimama zaidi ya wiki mbili, na alirudishe likimaliza kilomita 500. Nitamwaga oili ile kwenye beseni safi na kupitisha sumaku, nione kama kuna unga wa chuma.