Umri Ulioandikwa Kwenye Kasha la Gemu: Dhana Potofu na Ukweli

Hifadhidata za makusanyo ya michezo ya video hujazwa na wapenzi wenyewe kwa kujitolea, na katika kazi hiyo safu ya kiwango cha umri mara nyingi hujazwa kwa kukisia. Mchangiaji anayehakiki mwaka wa toleo na jina la mchapishaji kwa makini huandika "18" bila hata kugeuza kasha, kwa sababu anaamini jibu linajulikana. Imani hiyo ndiyo mzizi wa makosa mengine yote.

Dhana: Kila mchezo una umri wake mmoja.

Ukweli ni kwamba kiwango cha umri hutolewa kwa toleo fulani, katika eneo fulani, kwa wakati fulani. Grand Theft Auto: San Andreas ulitoka mwaka 2004 ukiwa na alama ya M, yaani miaka 17 na zaidi, kutoka ESRB, chombo cha Marekani cha kutoa viwango vya umri kilichoanzishwa mwaka 1994. Julai 2005, baada ya kugundulika kuwa ndani ya diski kulikuwa na maudhui ya ngono yaliyofichwa, ESRB iliubadilishia kiwango kuwa AO, yaani watu wazima wa miaka 18 na zaidi tu. Kisha mchapishaji akatoa toleo lililoondolewa maudhui hayo, nalo likapewa tena M. Mwenye diski ya awali na mwenye toleo lililosafishwa wote wana M kwenye makasha yao, lakini hawana kitu kimoja, na anayeyaweka matoleo hayo kwenye ingizo moja anafuta sehemu ya historia ambayo wakusanyaji huitafuta zaidi. Muda pekee nao huleta tofauti: Night Trap, mchezo uliozua zogo katika Bunge la Seneti la Marekani mwaka 1993, ulipewa M ulipotolewa upya katikati ya miaka ya 1990, ilhali toleo la mwaka 2017 lilipewa T, ambayo ni ya kuanzia miaka 13.

Dhana: Vyombo vinatofautiana majina tu, kwa hiyo kiwango kimoja kinaweza kubadilishwa kuwa kingine.

Hii ndiyo inayoharibu data nyingi, kwa sababu anayeifuata hudhani anasaidia. M ya ESRB ni ya miaka 17, si 18. PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 2003, una 3, 7, 12, 16 na 18, na hauna ngazi yoyote inayolingana sawasawa na 13 ya Marekani. Vigezo navyo havifanani: Balatro, mchezo wa karata usiohusisha dau la fedha halisi, ulipewa E10+ (miaka 10 na zaidi) na ESRB, lakini PEGI iliupa 18 kwa kuwa ulionekana kufundisha mbinu za kamari, na Februari 2025 ikaushusha hadi 12 baada ya rufaa. Hakuna jedwali la kubadilishia ambalo lingeweza kukisia hayo.

Namba peke yake nayo haitoshi. "12" imewahi kuchapishwa na PEGI, na USK ya Ujerumani, na CERO ya Japani kabla haijahamia herufi A, B, C, D na Z mwaka 2006. Huko Ureno, PEGI ilitumia 4 na 6 mahali pa 3 na 7, kwa hiyo mhariri anayeiona "PEGI 4" na kuisahihisha kuwa 3 anaharibu taarifa iliyokuwa sahihi. Vivyo hivyo kwa K-A (watoto hadi watu wazima), alama ya ESRB iliyotumika hadi ilipopisha E (watu wote) mwaka 1998: kasha la 1996 lenye K-A liandikwe K-A.

Dhana: Mchezo usio na alama ni wa watu wote.

Super Mario Bros. ulitoka mwaka 1985, wakati ESRB haikuwapo. Safu yake isiandikwe E, hata kama mchezo huo ulipata kiwango baadaye ulipouzwa upya kwa kupakuliwa; kiwango hicho ni cha ingizo la toleo hilo. Hifadhidata nzuri hutenganisha "haukupimwa" na "haijajazwa", kwani la kwanza ni taarifa na la pili ni pengo. Mortal Kombat wa mwaka 1993 unaonyesha jambo hili vizuri: kwenye mashine ya Sega ulikuwa na MA-13, alama ya mfumo wa Sega yenyewe, ilhali kwenye Super Nintendo haukuwa na alama yoyote, ingawa humo damu iligeuzwa jasho.

Dhana: Umri unaonyesha ugumu wa mchezo.

Hapana. Michezo ya FIFA imekuwa na PEGI 3, na hakuna anayetarajia mtoto wa miaka mitatu apige kona ya maana.

Dhana: Duka la mtandaoni linatosha kuwa ushahidi.

Maduka mengi ya kidijitali hutumia IARC, mfumo ulioanza mwaka 2013, ambapo mtengenezaji hujibu dodoso na viwango vya maeneo mbalimbali hutolewa papo hapo. Mnunuzi huonyeshwa kiwango cha eneo lake kwa siku hiyo. Mkusanyaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye diski zake za mitumba zinaweza kuwa zimetoka Uingereza, Ghuba au Marekani, hapati humo jibu kuhusu kasha alilolishika. Apige picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni. Kwenye makasha ya Marekani sababu za kiwango, kama vile damu au lugha chafu, huchapishwa nyuma, nazo zinastahili safu yake. Ikiwa stika ya muuzaji imefunika alama ya awali, iandikwe alama ya stika pamoja na ile iliyo chini yake pale inapoonekana, kila moja na jina la chombo chake.