Januari 1963 na wakata mkonge wetu

Juzi Jumamosi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye kahawa, dogo mmoja akauliza hivi Nyerere alifuta vyama vingine mwaka gani, basi wazee wakaanza kurushiana miaka, huyu 65, yule 67 na Azimio la Arusha, mwingine kang'ang'ania 77 CCM ilipozaliwa. Mi kazi yangu ni kufundisha historia ya siasa na hii miaka ya mwanzo ya uhuru ndo ninayoisoma kila siku, ila nilinyamaza kwanza nimalize kashata yangu.

Kwa sheria jibu ni 1965, Katiba ya Muda ndo ilisema chama ni kimoja tu, TANU bara na ASP Zanzibar. Lakini ukiniuliza mimi mtu wa Tanga ntakwambia anzia Januari 1963, na anzia kwenye mkonge.

Maana vyama vya upinzani vyenyewe vilikuwa vyepesi jamani. Uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 Nyerere alipata kura 1,127,978, Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha hapahapa, akapata 21,276. Hapo unamwogopa nani? Mwenye nguvu alikuwa yule anayeweza kusimamisha pesa ya serikali isiingie, na pesa ya Tanganyika ilikuwa mkonge, na mkonge ni huku kwetu, Muheza, Korogwe, Pangani, ukipanda treni unauona kushoto kulia mpaka macho yanachoka. Mwaka 1964 nchi ilitoa kama tani 230,000, tulikuwa wa kwanza duniani. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru mashambani kulikuwa na watu kama laki moja, wakiwemo manamba, vibarua wa mkataba, walioletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, kutoka mbali huko, Songea, Kigoma, wengine Burundi na Msumbiji.

Kazi yenyewe vijana wa leo hawaijui. Unaingia shambani alfajiri na umande, unakata kwanza ule mwiba wa ncha usikutoboe jicho, halafu jani lenyewe kwenye shina, unahesabu thelathini unafunga mzigo, unabeba kichwani mpaka relini, toroli linapeleka korona, mashine ya kusaga majani yatoke nyuzi. Zamani mwezi ulihesabiwa kwa kipande, ile kadi ya kuandikia siku za kazi, sio kwa kalenda, siku thelathini za kazi ndo mwezi, ukiugua kipande hakijai na mshahara hakuna. Watu wa namna hiyo wakipata chama kinachojua kugoma hawakiachi kirahisi, na walikipata, chama cha wafanyakazi wa mashambani, mkubwa wake Victor Mkello, ambaye pia alikuwa rais wa TFL, shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi.

Sasa hapa ndo pananiuma. TFL na TANU walikuwa ndugu kabla ya uhuru. Rashidi Kawawa mwenyewe ndo alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa TFL! Halafu Januari 1962 Nyerere anajiuzulu uwaziri mkuu akajenge chama, Kawawa anashika kiti, na mwaka huohuo zinapita sheria za kubana mgomo, ugomvi wa kazi lazima upitie usuluhishi kwanza, watumishi wa serikali wengi hawaruhusiwi kabisa, na juu yake sheria ya kuweka mtu kizuizini bila kesi. Aliyefundisha watu kugoma ndo kaja kufunga mlango.

Januari 1963 mambo mawili yakatokea mwezi mmoja. Halmashauri Kuu ya TANU ikaamua nchi iwe ya chama kimoja, na Mkello akahamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, akae mbali na watu wake. Angalia ramani, utoke Tanga ukakae Sumbawanga kwa barabara za miaka ile. Kwangu mimi hilo ni tukio moja.

Mwaka uliofuata ilikuwa kumalizia tu. Wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi tarehe 20 Januari 1964, Waingereza wakaitwa kuwazima, na baada ya hapo wakakamatwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi kama mia mbili hivi. TFL ikafutwa ikaja NUTA, chama kimoja tu cha wafanyakazi wote, katibu mkuu wake anateuliwa na Rais, na aliyeteuliwa ni Michael Kamaliza ambaye hapohapo ni Waziri wa Kazi. Yani mfanyakazi ukitaka kumshitaki Waziri wa Kazi unampelekea malalamiko Waziri wa Kazi.

Nisiwe mchoyo wa haki, kima cha chini cha mshahara kilipanda kweli, na Kongo ilikuwa inaungua pale jirani, hofu ya nchi kusambaratika haikuwa ya kutunga. Hata uchaguzi wa 1965 ulikuwa na ushindani, wagombea wawili kwa alama za jembe dhidi ya nyumba, na waziri mzito kama Paul Bomani akaangushwa na wapiga kura. Ila wote jembe na nyumba ni TANU, na mkata mkonge hakuwa na alama yake.

Oktoba 1967 serikali ikachukua mashamba mengi ya mkonge, wakati bei ishaanza kuporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki. Babu mmoja wa Muheza, marehemu sasa, aliwahi kunisimulia walivyokusanywa uwanjani wakaambiwa shamba sasa ni mali yenu, wakapiga makofi, wakaimba. Kesho yake kengele ikagonga saa ileile, msimamizi yuleyule, hesabu ya mizigo ileile. Nikamuuliza, sasa babu mbona hamkugoma? Akacheka mpaka akakohoa.

"Tumgomee nani mjukuu wangu, si tushaambiwa letu?"