Mbwa Wako Si Mkali, Ni Mwoga

Jamani, pilipili haimfanyi mbwa kuwa mkali. Mimi ni mkufunzi wa mbwa Kampala; nimelisema hili Ntinda, nikalisema Muyenga, na wiki hii simu imelia tena kutoka Bweyogerere: "Ssebo, mbwa wangu anamchekea kila mtu. Nimchanganyie pilipili kwenye ugali wake wa posho?" Mchanganyie, mzee. Atahara, kisha ataendelea kutikisa mkia huku tumbo likimuuma.

Ndugu yake pilipili ni kibanda. Mbwa anafungiwa tangu alfajiri "asizoeane na watu", usiku anafunguliwa. Anabweka mpaka majirani hawalali, na mwenye nyumba anafurahi kwamba hela yake haikupotea. Mimi nikija kelele sizisikilizi, naangalia mwili. Uzito ameuweka miguu ya mbele au ya nyuma? Masikio yamelala? Mkia kaufyata? Anabweka huku akirudi nyuma, analamba midomo na chakula hakipo? Huyo anaogopa. Anakuomba uondoke, na ukiondoka amejifunza kwamba kubweka kunalipa, kwa hiyo kesho ataanza ungali mbali. Ndiye huyo anayemsubiri kijana wa boda ageuke kurudi kwenye pikipiki, ndipo amdake shavu la mguu. Ujasiri gani huo?

Tena mwoga hachagui. Mbwa aliyekua katikati ya watu anamjua muuza maziwa, anawajua watoto wa shule, anajua askari hubadilishana zamu jioni. Anayeruka ukuta saa nane za usiku kwake ni kioja. Kwa aliyefungiwa, kila mtu ni kioja, hata mjukuu wako aliyekuja likizo. Na nikiuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, naambiwa "tulikuwa tunapanga".

Sasa niseme jambo ambalo wakufunzi wenzangu hawapendi niliseme: mwizi hapimi moyo wa mbwa, kelele zinamtosha. Mteja akiniambia kwamba tangu alete yule mwoga wake hajaibiwa hata ndoo, sina la kumbishia. Ninachobishana naye ni nani atakayeng'atwa.

Kuhusu "mwonyeshe mbwa nani bwana", sitakawia. Hadithi hiyo, kwamba mbwa hupigania ubwana kama mbwa mwitu (wolf), ilitokana na mbwa mwitu waliofungwa pamoja bila udugu, aliowachunguza mtafiti Rudolf Schenkel, akaandika mwaka 1947. David Mech, mtafiti mwingine wa mbwa mwitu, aliyeieneza kwa kitabu chake cha 1970, mwenyewe aliirekebisha mwaka 1999: porini kundi huwa ni baba, mama na watoto wao. Basi acha kumlaza mbwa chali.

Kazi yenyewe iko utotoni. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, mtoto wa mbwa anajiwekea akilini kipi ni cha kawaida duniani: mvua juu ya mabati, miavuli, kofia za boda, wazee wenye mikongojo. Tatizo ni kwamba chanjo za parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa, hazijakamilika wakati huo, na daktari wa mifugo atakwambia usimtoe nje. Hakosei, parvo inaua. Mimi humbeba mikononi hadi stejini kwa boda, aone na asikie bila kukanyaga chini. Hata hivyo, kila mara moyo wangu hauko shwari kabisa. Ukimngoja hadi chanjo ya mwisho, wiki ya 16, dirisha lile la kuzoea dunia limeshajifunga au limebaki ufa.

Na huyo wa miaka minne, wa kibandani? Nitakuja. Tutaanzia mbali, mgeni akiwa nje ya geti, kwa vipande vya ini. Siku za mwanzo hata ini atalikataa, maana hofu ikizidi mbwa hali, na ukiniona nimesimama tu usidhani nakula pesa yako bure. Huenda akafika mahali pa kuwavumilia wageni. Kuachwa uani na watoto, hilo siliahidi, hata ukiongeza malipo.