Saruji yenye majivu ya volkano haijachakachuliwa

Kwenye saiti nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Goba mpaka Mbagala, mwenye nyumba akiambiwa kuwa saruji aliyonunua ina majivu ya volkano ndani yake, anaona ameibiwa. Hofu hiyo naielewa, maana nyumba ni akiba ya maisha. Ila hatari yenyewe iko kwingine.

"Saruji halisi haichanganywi na kitu"

Soma mfuko. CEM ni alama ya aina ya saruji, na klinka ni mawe ya chokaa na udongo yaliyookwa tanuruni ambayo husagwa kuwa saruji. CEM I ndiyo yenye klinka karibu tupu. CEM II/A imeongezwa madini mengine asilimia 6 hadi 20, na CEM II/B asilimia 21 hadi 35, zote kwa mujibu wa viwango. Herufi inayofuata hutaja kilichoongezwa: P ni pozolana asilia, yaani majivu na mawe ya volkano kama yanayopatikana Mbeya, V ni majivu ya makaa ya mawe, L ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, S ni mabaki ya tanuri la chuma.

"Ikichanganywa inapungua nguvu"

Namba 32.5 au 42.5 kwenye mfuko ni nguvu ambayo saruji lazima iwe imeifikia siku ya 28 maabara, iwe ina pozolana au haina. Tofauti iko kwenye mwendo. Klinka ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika mchanga na kokoto, na hapohapo huacha chokaa huru isiyosaidia sana. Silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga, ikiwa ndani ya pozolana huungana taratibu na chokaa hiyo na kuzaa gundi nyingine. Kazi hiyo inahitaji muda, na inahitaji maji.

Hapa ndipo majengo yetu yanapoumia. Zege la slabu linamwagwa Jumamosi, jua la Dar linalikausha, linamwagiliwa siku mbili tu, kisha mirunda inatolewa haraka ikatumike saiti nyingine. Zege likipasuka, lawama inaenda kwa saruji. Zege la saruji yenye pozolana lifunikwe magunia na lisikauke kwa siku 7 kwa uchache. Mimi ningesimamia 10 bila kubishana na fundi.

"Basi hata majivu ya jikoni yanafaa"

Hapana, na kosa hili linaweza kuangusha ukuta. Majivu ya kuni na mkaa yana silika kidogo, na mabaki ya mkaa ambao haujaungua hunywa maji ya zege. Pumba za mpunga ni habari nyingine: majivu yake yanaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 85. Lakini lazima zichomwe kwa joto lililodhibitiwa, lisizidi sana nyuzi 700, kisha majivu yasagwe laini. Moto ukizidi, silika hugeuka fuwele na haijibizani tena vizuri na chokaa. Kazi hiyo ni ya kiwanda na maabara. Fundi asichote majivu kwa koleo na kukadiria kwa macho.

"Kiwanda kinabana matumizi tu"

Kinabana, ni kweli. Lakini klinka huokwa kwa nyuzi 1450 hivi, na mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ya ukaa yakiungua, hata moto ungekuwa safi kiasi gani. Klinka ikipungua kwenye mfuko, hewa hiyo nayo inapungua. Udongo wa kaolini, ambao upo hapa kwenye vilima vya Pugu, huhitaji nyuzi 700 hadi 800 tu ili uwe tayari kuchukua nafasi ya sehemu ya klinka.

"Karibu na bahari tumia klinka tupu"

Kwa Kigamboni au Msasani ningeshauri kinyume. Pozolana, majivu ya makaa na mabaki ya tanuri hubana vitundu vya zege, hivyo chumvi huchelewa kufika kwenye nondo. Mawe ya chokaa yaliyosagwa (L) hayana msaada wa kiwango hicho, kwa hiyo huko tafuta P, V au S kwenye mfuko. Usizidishe maji kwenye mchanganyiko, na hakikisha nondo hazigusi mbao kabla zege halijamwagwa.