Mbingu mpya bila bahari: swali la mvuvi wa Mikindani

Tulikuwa kwenye semina ya Biblia Mtwara mjini, tumefika Ufunuo wa Yohana sura ya 21, pale mzee mmoja mvuvi wa Mikindani aliponyoosha mkono. "Mwalimu, hapo pameandikwa 'wala hapana bahari tena.' Sasa mimi huko nakwenda kufanya nini?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema hayo ni mafumbo tu, tukaendelea na mstari wa pili.

Lilikuwa jibu la kivivu. Swali lake lilibeba karibu yote ambayo watu hutuuliza chuoni kuhusu mbinguni: je, vile tunavyovipenda hapa vitakuwepo? Tutakuwa sisi wenyewe, au vivuli fulani vyenye mabawa?

Yohana aliandika akiwa Patmo, kisiwa kidogo cha bahari ya Aegean, ametengwa kwa ajili ya imani yake. Makanisa saba aliyoyaandikia yalikuwa ng'ambo, katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Kati yake na watu wake palikuwa na maji. Tena alikuwa mtu wa Maandiko ya Kiyahudi, ambamo bahari ni makao ya vurugu: katika Danieli sura ya 7 wanyama wanne wanatoka baharini, na katika Ufunuo sura ya 13 mnyama mwingine anaibuka humohumo.

Sura ya 18 ndiyo watu huiruka, nami nashauri wasiiruke. Humo Yohana anahesabu shehena ya Babeli, jina la fumbo alilolitumia kwa Roma. Anaanza na dhahabu na fedha, anapita kwenye pembe za ndovu, mvinyo na ngano, na mwisho kabisa wa orodha anaandika "miili na roho za wanadamu". Pembe na watu, katika meli zilezile.

Hapo msomaji wa Lindi na Mtwara hahitaji mwalimu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa. Misafara iliteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, pembe mabegani na minyororo shingoni, na majahazi yakawachukua watu hao hadi Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watu walioachiwa huru, wakashukia Lindi, wakashika njia ya bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakaiona ardhi, wakaipenda, wakajenga hapo.

Sidhani kama mtu wa kundi lile angeshangaa kusikia kwamba nchi mpya haina bahari. Bahari aliyoijua yeye ilikuwa ngama ya jahazi, lile tumbo la chini la chombo. Yohana hatangazi kwamba changu na pweza watakosa pa kuishi. Anasema njia iliyobeba shehena ile, na maji yaliyomtenga na ndugu zake, havitakuwapo tena. Ndiyo maana katika sura ya 22 maji yapo tele: mto wa maji ya uzima unapita katikati ya mji, na kando yake mti ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa.

Kuna jambo jingine katika sura ya 21 ambalo picha za kalenda zimetupotosha: mji mtakatifu unashuka. Tunasema "amekwenda mbinguni", na si vibaya kusema hivyo msibani, lakini safari kubwa katika Ufunuo ni ya Mungu kuja kukaa na watu. Kanuni ya Imani ya Nikea na Konstantinopoli, iliyopata sura yake mwaka 381, haimalizii kwa roho kuruka mawinguni. Inamalizia kwa kungojea ufufuko wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao.

Lugha yetu nayo inachangia mkanganyiko, ingawa ni utajiri pia. Kuzimu limetoka kwa wazee, ni mahali pa mizimu, na watafsiri wa Biblia wakalitumia kwa makao ya wafu wote, wema na wabaya. Akhera limetoka Kiarabu, nasi tunalitumia pamoja na jirani zetu Waislamu kwa maisha ya baada ya haya. Mbinguni ni huko juu, penye kiti cha Mungu. Kwenye msiba mmoja utayasikia yote matatu kwa pumzi moja, kana kwamba ni kijiji kimoja chenye majina matatu. Lakini aliyekuwa akimwaga unga chini ya mti kwa ajili ya wazee wake hakuwa akicheza. Alikuwa akikataa kwamba mauti humkata mtu na ukoo wake moja kwa moja. Mhubiri 3:11 inasema Mungu ameiweka milele ndani ya mioyo ya wanadamu, na haisemi mioyo ya Wakristo peke yao.

Vijana huniuliza kama milele haitachosha. Swali zuri. Papa Benedikto wa XVI alilikabili katika waraka wake wa mwaka 2007 kuhusu matumaini: akakiri kwamba kuishi bila kikomo kama tunavyoishi sasa kungekuwa mzigo, kisha akaufananisha uzima wa milele na kuzama katika bahari ya upendo usio na mwisho. Kwa hiyo bahari imerudi kwa mlango mwingine, na mvuvi wetu asikate tamaa.

Na mwili je? Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anatumia mbegu. Yeye anataja ngano. Huku kwetu ningesema korosho. Ishike mkononi, uitazame hadi jioni: hakuna chochote katika ganda lile kinachokuonyesha mkorosho wenye kivuli cha kulaza familia nzima. Na bado mti ule ni wa korosho ileile uliyoifukia. Injili ya Yohana sura ya 21 inakwenda karibu zaidi na wavuvi. Yesu aliyefufuka yuko ufukweni alfajiri, amewasha moto wa makaa, amebandika samaki, anawaita wanafunzi waliotoka kuvua wafungue kinywa. Mwenye shaka kama nchi mpya ina harufu ya chakula aanzie hapo.

Nilimkuta mzee yule tena baada ya miezi kadhaa, nikamtaka radhi kwa jibu langu. Ndipo akaniambia kisa ambacho siku ile ya semina hakukisema. Mdogo wake alitoka na ngalawa wakati wa kusi. Ngalawa ilipatikana, yeye hapana. Waliweka matanga bila kaburi.

Nikamfungulia Ufunuo 20:13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Sikumficha kwamba mstari huohuo unaendelea na hukumu, kila mtu kwa matendo yake, nahodha wa jahazi la Kilwa pamoja na aliyefungwa ngamani. Akaniambia nisome tena pale mwanzo. Nikasoma. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole: ishirini, ishirini na moja.

"Kumbe kwanza inarudisha ilichochukua," akasema, "ndipo inaondoka."

Nilikuwa nimezifundisha sura hizo mbili miaka mingi bila kuuona mpangilio huo.