Gari la zamani halina spea? Ngoja tuyaweke sawa

Kila mtu akiposti gari la miaka ya 60 maneno ni yale yale, na mengi sio kweli. Mimi nitatumia sana MGB, kagari ka michezo ka Waingereza, maana ndo inaeleweka haraka.

"Kiwanda kikifungwa, spea zimeisha." Wapi! Kiwanda cha MG pale Abingdon kilifungwa 1980, na MGB nayo ikaishia hapo, zimeshatoka zaidi ya laki 5 tangu 1962. Ila 1988 kampuni ya British Motor Heritage wakaanza kutoa bodi mpya ya MGB, sio madigadi wala mlango, bodi nzima, kwa moldi za kukandamizia bati zilizobaki toka enzi za kiwanda. Sasa cheki hii: kampuni ya magari ya Rover wakaichukua bodi hiyo wakaijengea gari jipya kabisa, MG RV8, 1993 mpaka 1995, kama elfu 2 hivi na nyingi zikaishia Japani. Yaani spea ndo imezaa gari.

"Klabu za magari ni za matajiri kupiga picha na kunywa chai." Chai ipo, siwatetei. Lakini kazi yenyewe ni kukusanya oda. Nenda peke yako kwa wanaoyeyusha chuma uwaambie unataka manifoldi moja (yale mabomba ya chuma yanayofungwa kwenye injini kupitisha hewa au moshi), utapewa bei ya kununua gari lingine. Wakija watu hamsini wametanguliza hela, mashine inawashwa. Kampuni ya Jowett ya mji wa Bradford, Uingereza, iliacha kutengeneza magari mwaka 1954, klabu yake ya tangu 1923 ipo mpaka leo na wenye hayo magari wanauziana spea wenyewe kwa wenyewe.

"Si unapeleka tu cha zamani wanakopi." Hapa ndo watu wanaliwa hela. Chuma kikishamiminwa kikaanza kupoa kinasinyaa, kwa makadirio asilimia 1, sasa manifoldi ya sentimita 30 ukiikopi hivyo hivyo inarudi fupi kwa milimita 3 na matundu ya bolti hayakutani. Ndo maana umbo la kukopia linafanywa kubwa kidogo, na pale inapokaa gasket inaachwa nyama ya kuchonga. Tena cha zamani kimeshalika, kwa hiyo unakopi na ulikaji wake.

"Orijino iliyokaa boksini miaka 40 ndo bora." Kama ni chuma sawa, kama ni mpira hapana, mpira unakauka hata bila kuguswa. Halafu Uingereza tangu 2021 petroli ya kawaida ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, na hiyo inatafuna mipira ya mafuta ya kizamani. Silinda hedi nazo, baada ya petroli yenye madini ya risasi kuondolewa, zinazotengenezwa upya huwekwa siti ngumu za valvu (pale valvu inapokalia ikifunga) ambazo orijino hazikuwa nazo.

"Printa za 3D zitamaliza kila kitu." Kwa vitu adimu ndiyo, 2018 Porsche walitangaza wanachapa kwa leza na unga wa chuma wenzo wa klachi ya Porsche 959, gari lililotoka 292 tu. Ila ile plastiki ya printa ya mezani iweke karibu na egzosi uone.

"Basi cha mpya chochote fresh tu." Aisee hapana, na mfano ni rota, kale kadude kanakozunguka ndani ya distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi. Zile za bei chee zilizojaa sokoni kuna ribiti inashikilia bati la juu, ikiwa ndefu inakaribia shafti, basi umeme badala ya kwenda kwenye plagi unarukia shafti. Gari linatembea vizuri, likichemka linazima, ukilipumzisha linawaka, na fundi ashakubadilishia karbureta. Siku hizi zipo rota zisizo na ribiti kabisa. Kabla hujalipa muulize muuzaji yake ina ribiti au haina, akishindwa kukujibu tafuta mwingine.